Kidonge cha Siku ya Gulio

Kwetu mbeba mzigo wa gulio huongezewa chakula. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini nyumba zote za huku juu ya Malindi, hii ya Lushoto na si ya pwani, zinaijua. Asubuhi ya gulio, yule atakayejitwisha tenga la karoti hupakuliwa kwanza. Hupewa bonge kubwa la ugali, maharage humwagiwa mpaka yanagusa ukingo wa sahani, na chai yake hujazwa tele. Wanaobaki nyumbani hugawana kilichosalia wala hawanuni. Mimi ndiye mbeba mzigo wa nyumba yetu tangu baba alipofariki, kwa hiyo nimeongezewa miaka mingi, na katika kuniongezea huko mama yangu aliniongezea na kidonge.

Hadithi yangu yote iko hapo, na kila nikiikumbuka moyo unanidunda kwa furaha. Lakini nianze na mwili wenyewe.

Nilizaliwa na tezi zisizofanya kazi yake. Ni tezi mbili ndogo, zimekaa juu ya figo mithili ya kofia, nazo ndizo zinazotengeneza homoni za kuusaidia mwili kuhimili homa, jeraha na njaa, na kuizuia chumvi isipotee. Zangu zinashindwa. Ni ugonjwa wa kurithi. Baba alibeba nusu yake, mama akabeba nusu yake, wote wawili wazima wanaolima kutwa bila kulalamika, na sisi watoto tukaangukiwa na nusu zote mbili. Nasema sisi kwa sababu kabla yangu alikuwepo kaka. Alizaliwa mnene na mwenye sauti. Siku ya kumi na mbili akaanza kutapika, siku ya kumi na tano wakamzika nyuma ya migomba. Wengine walisema ni jicho la mtu, wengine walisema maziwa ya mama yameharibika, na mama aliyabeba maneno yote hayo bila kujibu.

Nilipozaliwa mimi, mkunga aliniangalia mara mbili kabla ya kumwambia mama amepata binti, maana ugonjwa huu huyachanganya maumbile ya mtoto wa kike. Nilipoanza kutapika mama hakungoja ushauri wa mtu. Alinifunga mgongoni akashuka mlima, na Mungu si Athumani, siku ile hospitali ya Lushoto ilikuwa na daktari mgeni aliyekwisha kuona mtoto wa namna yangu. Nikatiwa maji ya chumvi, nikapewa vidonge vyeupe, nikaishi. Tangu hapo vidonge vikawa mikononi mwa mama. Hata nilipoolewa alinifuata navyo mpaka kwa mume, na ndoa ilipokwisha nilirudi navyo. Nina miaka thelathini na saba, nina mvi mbili, na mpaka mwaka jana kila asubuhi mama aliniwekea kidonge changu kwenye kisahani pembeni ya kikombe, kama mtoto wa chekechea.

Yule daktari mgeni aliacha agizo moja kubwa. Nikipata homa, nikivunjika, au nikifanyiwa upasuaji, dozi iwe mara mbili, na nikitapika nikashindwa kumeza, tukimbilie hospitali kuchomwa sindano. Mama alilishika agizo hilo neno kwa neno. Mama yangu si mjinga, na sitaki mtu amcheke kabla sijamaliza. Ila alikaa nalo akalifikiria kwa akili ya huku kwetu. Kama homa inaulemea mwili na mwili unaongezewa, basi mzigo wa karoti unaoshuka nao mlima je? Mbeba mzigo anaongezewa maharage, anaongezewa chai, kwa nini asiongezewe na kile kinachomweka hai? Basi siku za gulio kisahani kikawa na viwili.

Baadaye zikaingia siku za kulima. Zikaingia siku za Juni na Julai ukungu unapokalia bati mpaka saa sita mchana. Zikaingia harusi, misiba, safari ya Tanga kufuata dawa, na siku ya kufua mablanketi. Ukihesabu vizuri, siku zangu za kawaida zilikuwa chache kuliko siku za kuongezewa. Sikuwahi kuuliza. Nani anauliza anapoongezewa?

Mwili ukaitikia. Mashavu yakajaa, tumbo likatangulia mbele, miguu ikabaki myembamba vilevile. Ukinishika mkono kwa nguvu, kesho yake alama ya vidole ilionekana. Na huku kwetu, mtu akiwa na mashavu hivyo, anasifiwa. Wanawake wa gulioni waliniambia nimenawiri, mjini wangesema napendeza, nami nilikuwa nakubali sifa zote na kuifunga kanga vizuri ili zisipungue. Sifa ziliishia penye mlima tu. Njia ya kutoka gulioni mpaka kwetu ina mawe ambayo wabeba mizigo hukalia wapate pumzi. Mimi nilikuwa napumzika kwenye mawe saba. Bibi wa jirani, mkubwa kuliko mama, alikuwa ananipita na kuni kichwani, ananijulia hali na kuendelea bila kupunguza mwendo. Nilijiambia ndivyo nilivyoumbwa, tezi mbovu na pumzi fupi, basi.

Mwaka jana kliniki ya Lushoto ilipata daktari mpya, binti mdogo sana. Tuliingia mimi na mama kama kawaida, yeye akasimama, akasema, "Shikamoo mama. Shikamoo dada." Mama akaitikia marahaba akijikaza asitabasamu. Binti huyo alinipima presha, akanipima mkono wa pili, akaenda kuchukua mashine nyingine akanipima tena. Akanitoboa kidole kupima sukari. Akatoa utepe kama wa fundi cherehani, akanizungusha kiunoni, akaandika. Damu nyingine ikapelekwa maabara, tukangoja kwenye benchi mpaka majibu yakatoka.

Presha ilikuwa juu. Sukari ilikuwa imeanza kuvuka mpaka. Mafuta kwenye damu hayakuwa mazuri.

"Dada," akasema, "watu wenye ugonjwa wako tunatakiwa tuuangalie moyo wao mapema kuliko watu wengine. Dawa yako ni uhai. Ikipungua, unaanguka. Lakini ikizidi miaka na miaka inapandisha presha, inakusanya mafuta tumboni, inaivuruga sukari, na mwisho moyo unachoka. Mimi natafuta pale katikati. Sasa niambie, dozi unaongeza siku gani?"

Nikamwambia. Nilianza na homa, nikaendelea na gulio, akaandika. Nikasema kulima, akaandika. Nikasema baridi, harusi, msiba, Tanga. Nilipofika kwenye mablanketi akaiweka kalamu mezani.

Hakutugombeza, na nampenda kwa hilo. Alimgeukia mama taratibu. "Mama, kubeba karoti si homa. Mwili wake ukinywa dozi ya kawaida unaweza kubeba karoti. Tukiendelea hivi nitalazimika kumwanzishia dawa za presha na za sukari, na bado nitakuwa naogopa kiharusi. Nimewaona wa umri wake wamepooza upande mmoja." Akasema hatutakata ghafla, kwa sababu mwili uliozoea kuzidishiwa hutetereka. Siku za kuongezewa zisizo za ugonjwa zitapewa nyongeza ya nusu kidonge kwanza, kisha hakuna nyongeza. Njegere zikishavunwa, tukapimwe tena.

Sasa nikiri jambo. Mtu mwingine angetoka pale analia. Mimi nilitoka nikiwa na furaha ya kutaka kuruka. Miaka yote nilidhani tumbo, pumzi fupi na alama za vidole ni mimi mwenyewe, nilivyoumbwa, hakuna wa kumlaumu wala cha kufanya. Na kumbe sehemu kubwa ya hayo ilikuwa inaletwa asubuhi kwenye kisahani! Kitu kilichowekwa kwenye kisahani kinaweza kuondolewa. Nilitamani gulio liwe kesho.

Mama alijizuia mpaka tulipofika stendi. Hapo akaanza kwa Kishambaa, ambacho huwa anakitumia akiomba dua au akikasirika, na hakuwa anaomba dua. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili na waliokaa karibu wasikie.

"Mtoto aliyeniamkia shikamoo sasa hivi ndiye wa kunifundisha kulea?"

"Mama, amesoma."

"Na mimi nimezika." "Kaka yako alikufa kwa kukosa. Sijaona mtu aliyekufa mbele yangu kwa kuzidishiwa."

"Unamwona," nikamwambia. "Mimi hapa nakufa mbele yako, polepole, na mashavu mazuri."

Nilijuta papo hapo. Aligeuza uso akaangalia magunia ya kabichi yakipandishwa juu ya gari. Lakini jioni, akiwa anamenya viazi, alinitajia masharti bila kuniangalia. Atakubali. Ila kila siku ya gulio atatembea nyuma yangu, kwenda na kurudi, na vidonge atakuwa navyo yeye.

Basi tukaanza. Wiki za nusu kidonge zilipita bila kishindo. Ikaja siku ya gulio ya kwanza ambayo kisahani kilikuwa na kidonge kimoja kizima na nafasi tupu pembeni yake. Nilikiangalia kile kisahani nikacheka. Mama hakucheka. Nilijitwisha tenga juu ya ngata, tukashuka, mimi mbele na yeye nyuma, pindo la kanga yake limefungwa fundo.

Nilisikia miguu mizito, kama daktari alivyonionya. Kila kona sauti ilitoka nyuma.

"Unaona kizunguzungu?"

"Hapana, mama."

Kona nyingine. "Kichefuchefu?"

"Hapana."

"Na tumbo?"

"Mama, hata mtu mzima kabisa akiulizwa hivi ataumwa."

Gulioni wanawake walitufanyia mzaha, wakasema mama ananichunga kama bi harusi atakayetoroka. Kupanda, mizigo ya kurudi nayo ikiwa sabuni, chumvi na pumba za ng'ombe, nilipumzika kwenye mawe saba yaleyale. Sikujali. Nilikuwa nimekwenda na kurudi kwa kidonge kimoja, nipo, napumua, na usiku ule nililala usingizi mzuri kuliko wowote tangu niwe msichana.

Furaha ikanipanda kichwani. Nikajiambia kama kupunguza kidonge ni kuzuri, basi nipunguze kila kitu. Bila kumwambia mtu nikaacha ugali wa asubuhi, na chumvi nikaiogopa kama sumu kwa sababu nilisikia redioni kwamba inapandisha presha. Gulio lililofuata, kwenye jiwe la tatu, dunia ikazunguka. Nikakaa chini na tenga langu, jasho jembamba linanitoka. Nilimwona mama anakuja mbio, mwanamke anayekaribia miaka sabini, mkono tayari uko kwenye fundo la kanga. Uso wake ule sitausahau. Ulikuwa uso wa siku ya kumi na tano.

"Ngoja," nikamwambia. "Leo sijala."

Alinikodolea macho. Akachomoa kiazi kikuu cha kuchemsha kutoka kwenye mfuko wake, akakinyunyizia chumvi ya kwenye karatasi, akaketi akaniangalia nikitafuna mpaka kikaisha. Dunia ikatulia. Alivyonisema kuanzia pale mpaka nyumbani, hata ng'ombe wa jirani walisimama kusikiliza. Na daktari nilipompigia simu alimuunga mkono mama kwa kila neno. Mwili wangu unapoteza chumvi, akasema, si mwili wa kukatazwa chumvi na redio, na kushinda njaa sikuruhusiwa na mtu. Nilikuwa nimeambiwa nipunguze kitu kimoja tu. Mama aliposikia hivyo kupitia spika ya simu, alianza kumwita yule binti "daktari wetu."

Tukaendelea kwa adabu. Niliacha soda na maandazi ya gulioni, nikala ugali wa kiasi na mboga nyingi, maana mboga ndicho kitu tusichokosa. Mawe yakaanza kupungua. Siku moja nililipita jiwe la kwanza bila kukusudia, nikiwa najadiliana na mama juu ya bei ya mbegu, nikagundua nimefika la pili. Nilisimama nikarudi nyuma hatua kadhaa kulihakikisha. Mama akauliza nimeangusha nini. Kanga zangu zikaanza kuwa na kitambaa cha ziada kwenye kiuno. Nilipata michubuko michache shambani kuliko zamani. Watu wakaanza kuniuliza kwa huruma kama ninaumwa, maana nimekonda, na mimi nikawa nawajibu kwa furaha kubwa kiasi cha kuwachanganya.

Julai ukungu ukashuka, na mimi nikashikwa na mafua yenye homa, homa ya kweli ya kutetemesha meno. Asubuhi ile kisahani kilikuwa na viwili. Mama hakubishana wala hakushangilia. Kesho yake viwili tena. Siku ya tatu homa ilikuwa imeondoka, nikaamka nikakuta kidonge kimoja. Ilikuwa siku ya gulio, baridi inauma, ukungu umekalia bati, sababu zake zote za zamani zilikuwepo, na kidonge kilikuwa kimoja. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka aulize kama ni dalili.

Njegere zikavunwa, tukarudi kliniki. Daktari wetu akatuamkia. Akanipima mkono mmoja. Akanipima wa pili. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Alipokwenda kuchukua ile mashine nyingine, mama alinishika kiganja. Daktari akapima tena, akaandika, akaigeuza karatasi ili tuone.

Presha ilikuwa imeshuka. Sukari ilikuwa imerudi upande wetu wa mpaka. Mafuta bado, akasema, hayo huchukua muda, na moyo wangu ataufuatilia kila mwaka nikiwa hai. Utepe wa kiunoni ulibaki na kipande kirefu mkononi mwake. Dawa mpya hazikuhitajika. Niliomba karatasi ile niende nayo nyumbani, akaipiga nakala akanipa, na kwenye gari nilimwonyesha kijana wa watu aliyekaa karibu nami, ambaye hakujua anaangalia nini, akanipongeza hivyohivyo.

Siku ya gulio iliyofuata niliupanda mlima wote bila kukaa kwenye jiwe lolote. Nilikuwa na sabuni, chumvi na nusu gunia la pumba. Bibi wa jirani na kuni zake nilimkuta njiani, nikamwamkia, nikampita, na nakiri nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima. Nyuma yangu hapakuwa na maswali. Nilipofika uwanjani kwetu niligeuka, nikamwona mama anamalizia kona ya mwisho, mkono kiunoni, anahema.

Tuliingia jikoni. Alikaa kwenye kigoda, akalivuta pindo la kanga, akaanza kulifungua lile fundo kwa meno, maana lilikuwa limekaza. Nilidhani kutakuwa na vidonge viwili vitatu vya dharura. Vikamwagika kwenye kisahani vingi, vizima na vipande, vingine kingo zimeshalika, vingine vimeshika rangi ya kanga.

"Mama, hivi ni vya nini?"

"Vyako vya kuongezea. Kila gulio nilikitoa kwenye chupa kama siku zote. Nikitaka kukiweka kwenye kisahani, namkumbuka daktari wetu, nakifunga hapa." Alivisogeza kwa kidole kimoja kimoja. "Nilisema ukianguka njiani nisihangaike kutafuta. Siku ile ya kaka yako sikuwa na hata kimoja."

Kwa mara ya kwanza niliona alivyokuwa miezi yote ile akishuka na kupanda mlima ule nyuma yangu, na mzigo ambao hakuna aliyemtua.

Akanisukumia kisahani. "Vitunze wewe sasa. Nimechoka kuvibeba."

Kisha akainuka, akapakua kama ilivyo desturi. Mimi kwanza, bonge kubwa, na maharage mpaka ukingoni. Yeye akajiwekea kipande kidogo. Nikalimega bonge langu katikati, nikaiweka nusu kwenye sahani yake, nikaongeza na maharage. Akafungua kinywa kukataa.

"Mbeba mzigo huongezewa," nikamwambia.

Akaiangalia sahani, akanawa mikono, akala yote.